Saba kwa Kumi wa Yaya Domi

Ukitaka kumjua Domitille Kapinga, usimtafute nyumbani. Nyumbani analala tu. Mtafute kando ya barabara iendayo kwenye machimbo, upande ule wa Kolwezi ambako hata mbwa wamekuwa wekundu kwa vumbi, kwenye kibanda chenye paneli mbili za sola juu ya bati. Humo anachaji simu. Asubuhi wachimbaji vijana wanamwachia simu zao, jioni wanazichukua, na mchana kutwa yeye anajua nani kapigiwa na mama yake, nani katumiwa ujumbe na mchumba, na nani ameshaachwa ila bado hajui.

Ana miaka thelathini na minne, ulimi mwepesi, na kicheko kinachovuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini enzi za Wabelgiji, baba yake naye akaingia mgodini. Domitille akasema madini yameshakula watu wa kutosha katika ukoo huu, akanunua sola. Wachimbaji wanamwita yaya, yaani dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri.

Mwaka huu yaya akaingia siasa. Chama chake kilikuwa kinatafuta mtu mmoja wa kugombea udiwani wa komini, kikaamua kumpata kwa mchujo: wanachama wa kata wapige kura, na atakayeshinda ndiye atakayesimama. Sababu yake Domitille ilikuwa moja tu. Kata yao ina bomba moja la maji kwa mitaa minne, na binti yake huenda shuleni akisinzia kwa kuwahi kupanga ndoo. Alilitaka bomba la pili mpaka akawa analiota.

Mpinzani wake alikuwa Tata Henri Tshiamala, mstaafu wa mgodi, mzee wa suti ya kahawia na hotuba ndefu. Naye hakuwa na ubaya na maji, ila kila akianza kuyazungumzia ilibidi kwanza apitie mwaka wa sabini na nne.

Basi akaja Jémima, mwanafunzi wa chuo, na tableti yake. Alikuwa ameagizwa na mwalimu kufanya utafiti wa maoni kwa vijana wa chama, na vijana wa chama katika kata ile ni wachimbaji, watoto wa kariere, yaani wa machimbo.

"Yaya, soixante-dix pour cent!" alisema huku akimwonyesha kioo cha tableti. "Saba kwa kumi! Batoto ya kariere banakupenda weye."

"Na Tata Henri?"

"Banasema ni mutu muzuri. Njo vile banasemaka juu ya mutu yenye habatamuvotea."

Kuanzia hapo hakukuwa na wa kumshika. Alishona bulauzi mpya, akaanza kupokea pongezi kibandani. Tata Henri yeye alipita nyumba kwa nyumba kwa wazee wenzake akiwauliza swali lilelile la kuchosha: Jumamosi utatoka saa ngapi, na nani atakusindikiza? Vijana waliposikia walimcheka. Nani asingemcheka?

Kamati ya chama ilikaa kupanga saa za kupiga kura. Mlango ufunguliwe saa mbili asubuhi, ufungwe saa kumi kamili. Wagombea wakaulizwa kama wana neno. Tata Henri akasema ni sawa. Domitille, ambaye moyoni alishakuwa diwani, akasema ni sawa kabisa, akatia sahihi. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka sita hutoa simu kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa sababu kabla ya hapo hakuna mchimbaji aliyetoka. Kichwani mwake mambo hayo mawili hayakukutana.

Jumamosi ikafika. Saa mbili kamili wazee walikuwa wamejipanga mbele ya ukumbi wa parokia, kila mmoja na kigoda chake, karte yake, yaani kadi ya mpiga kura, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Bibi mmoja aliletwa kwa pikipiki, amebanwa kati ya wajukuu wawili asianguke. Wanawake wa foleni ya maji nao walikuja, Mungu awabariki. Lakini hadi saa saba, kijana wa machimbo hata mmoja hakuonekana. Mipango si matumizi. Saa nane Domitille alidandia pikipiki, akaenda kuzifuata kura zake.

Kwenye kizuizi cha machimbo hukaa Banza, mlinzi, na bati lake, kopo kuukuu la maziwa ya unga. Kila anayeingia huacha humo karte yake ya kura, maana ndicho kitambulisho alicho nacho, na akitoka anarudishiwa. Karte iliyobaki ndani ya bati ni mtu aliyebaki ndani. Tangu shimo moja lilipobomoka mwaka juzi, hakuna anayelifanyia mzaha bati lile.

"Banza, batoto yangu beko wapi?"

"Beko ku mashimo, yaya. Na karte zao ziko humu."

Mwanamke hakaribii shimo. Wachimbaji husema madini yakimwona yanakimbia. Domitille haamini hata kidogo, lakini hakuwa na muda wa kubishana na shaba. Alisimama palepale akaita. Akaja Gael, mkuu wa vikundi vya mashimo, tope hadi masikioni, meno yote nje.

"Yaya Domi! Présidente!"

"Présidente ya nini? Saa nane na nusu, Gael! Mulisema mutanivotea."

"Tutakuvotea! Tulisemaka, na tunasema tena."

"Saa ngapi?"

"Tukitoka tu, yaya. Bote."

"Banafunga saa kumi."

Gael akatazama jua, akatazama bati, uso ukamshuka. Walikuwa wamepanga kweli waende wote wakimaliza kazi. Hakuna aliyeuliza mlango unafungwa saa ngapi, na aliyejua hakuwaambia.

Punde akapata wazo. Vijana wa chama walikuwa arobaini na wawili: ishirini na wawili juu, wakishika kamba, na ishirini chini. Walio juu wapande pikipiki sasa hivi, wakapige kura, warudi.

"Na bale ba chini?" aliuliza Domitille.

"Batangoya. Ngeleka njo eko mu shimo yangu, haina matata na yeye. Ni masaa mbili tu, kwenda na kurudi."

Banza akashusha sauti. "Yaya, juu yako mi naweza kutosha mu bati karte za bale ba juu, mbele ya saa. Hakuna mutu ataona."

Kura ishirini na mbili zingetosha, na Domitille alijua. Alitamani kusema ndiyo. Neno lilishafika kwenye meno. Upande wa Kingamyambo wingu lilikuwa limeanza kujikusanya, la kawaida, la Novemba. Alimfikiria Ngeleka, kijana wa Sandoa, miaka kumi na tisa, ambaye kila jioni humpigia mama yake kabla hata ya kunawa.

"Hapana," alisema. "Hakuna mutu anaacha kamba. Mubapandishe bote, kisha mukuye pamoja. Mi naenda kuomba batungoye."

Alikwenda, akaomba kamati iwangoje. Mwenyekiti wa kamati, katekista mtaratibu sana, hakupandisha sauti. Alifungua karatasi ya kikao akaiweka mbele yake.

"Mama Domitille, hii sahihi ni ya nani?"

Ilikuwa yake. Saa kumi kamili mlango ukafungwa, kura zikahesabiwa: Tata Henri tisini na sita, Domitille themanini na saba.

Saa kumi na moja kasorobo zikasikika honi. Pikipiki kumi na nne, watatu watatu, tope tupu, na kila mkono ulioachwa huru ulikuwa umeinua karte hewani. "Yaya! Tumefika!" Tata Henri alitoka nje, akawatazama kwa muda, akavua kofia yake polepole.

Domitille alikasirika. Alijikasirikia mwenyewe kwanza, kisha wao, kisha Tata Henri na swali lake la kuchosha. Kura tisa! Machozi yalimtoka na hakuyaficha, na vijana, walipouona uso wake, wakashusha mikono mmoja mmoja.

Ngeleka akasogea mbele, ameloa chapachapa, anatetemeka.

"Yaya, Gael anasema mi njo nilikupotezesha. Mi njo nilikuwa wa mwisho kutoka."

"Gael anyamaze. Mbona umeloa hivi? Hapa mvua hatuyaiona."

"Kule ilianza saa tisa na nusu. Ilinyesha mubaya. Wakati bananivuta, maji mu shimo ilishafika ku kifua."

Saa tisa na nusu. Saa hiyo washika kamba wangekuwa hapa ukumbini. Domitille alimshika mkono, ulikuwa wa baridi. Kisha akaanza kuwahesabu kwa kidole, kutoka pikipiki ya kwanza hadi ya kumi na nne. Arobaini na wawili. Akarudi mwanzo, akawahesabu tena.