Mianzi ya Butihinda Imeninyima Kisa

Visa vingi vya safu hii nimeviokota kwenye benchi la ofisi moja hapa Gitega. Kuta zilikuwa sementi tupu, na kila neno lililosemwa dirishani kwa karani lilitufikia sisi tuliosubiri. Ndiyo maana watu walizoea kueleza shida zao wamefunika mdomo kwa kiganja.

Juma hili nimekuta kuta zimevikwa mianzi iliyosukwa kama mkeka.

"Hii iko ya Chine?" mzee mmoja akauliza.

"Hapana, mzee wangu! Inatoka kwetu Butihinda, Muyinga," karani akajibu, akiupapasa ukuta kama anayesifu ng'ombe wake. "Wameisuka mama zangu wadogo. Inakula sauti."

Mama mmoja akafika dirishani, kiganja mdomoni.

"Toa mkono, mama," karani akamwambia, akipaza sauti ili nasi tusikie. "Kule kwenye benchi hawasikii."

Mama akatugeukia, akatupima kwa macho. Kisha akateremsha mkono, akaeleza shida yake yote kama yuko nyumbani kwake.

Nilinyoosha shingo mpaka ikauma, nisiambulie hata neno. Nimerudi nyumbani bila kisa, kifua mbele, utadhani mianzi ile nimeisuka mimi.