Marahaba ya Adui Yangu

Dar es Salaam nilikuwa kwenye genge lililogombania kituo cha mabasi na genge la mtaa wa pili. Kiongozi wao, mshenzi mmoja mwembamba, alinichana bega kwa panga. Niliapa kwamba tukikutana tena, mmoja wetu atazikwa.

Polisi walipoanza kutusaka nilikimbilia kwetu Lituhi, kwa bibi mzaa mama. Nilimkuta ufukweni akianika usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Aliyekuwa akimsaidia kuwageuza ni yule yule mshenzi! Naye alikuwa amekimbia. Nikaokota kasia.

“Weka chini hilo kasia,” bibi alifoka. “Huyu ni mtoto wa mdogo wangu, kwa hiyo ni mjomba wako. Mwamkie.”

Nilimzidi miaka minne, lakini kwetu mjomba ni mjomba hata akiwa bado ananyonya.

“Shikamoo, mjomba,” nikasema huku nimeuma meno.

“Marahaba, mpwa wangu,” akajibu taratibu, akilamba kila neno kama asali. “Bega linaendeleaje?”

Bega lilishapona. Ila kila Jumapili, tukitoka kanisani, ananisubiri mlangoni mbele ya watu wote, na mimi namwamkia.