Ufunguo wa Pili

Siku za kazi Vera Nasike alitengeneza mashine za kusoma kadi katika duka moja la mtaa wa Nakivubo. Jumamosi alifungua kompyuta yake na kupekua msimbo wa kerneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kumbukumbu ya mashine na kuamua programu ipi ikae wapi. Mfumo wenyewe ulikuwa huria, unaandikwa na watu wa nchi nyingi ambao hawajapata kuonana uso kwa uso, na kila badiliko lilipaswa kupitiwa na macho mengi kabla ya kukubaliwa. Nasike alijitolea macho yake. Alikuwa Mbukusu wa Bungoma, mwenye miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka miwili ya kupekua hakuwa amekamata kosa lolote la maana. Tahajia mbili tatu, basi.

Jumamosi hiyo alikuwa mtaa wa Mengo, saluni kwa Lakot, Mwacholi mwenye vidole vyepesi na mume askari polisi. Wateja walimwita Mama Bonny kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kichwa cha Nasike kilikuwa kimesukwa upande mmoja. Wa pili ulisimama wima kama umeona jini. Kompyuta ilikuwa mapajani, na ndani yake badiliko jipya la programu inayoendesha kisoma kadi.

"Huyu hapa!" Nasike alipiga kelele.

Lakot aliachia nywele. "Nimekuvuta?"

"Hapana, Mama Bonny! Nimeona kosa! La kweli!"

"Kosa ya nani?"

"La kumbukumbu. Ona: programu ikitaka kuweka vitu vyake, kerneli huipa chumba. Ikimaliza inakirudisha, anapewa mwingine. Sasa hii imerudisha chumba hapa juu, halafu mistari miwili chini inaingia humo humo kuchukua kitu. Ikimkuta mpangaji mpya, je?"

"Vita," alisema Lakot.

"Vita kabisa! Mashine inazimika, au mwizi anapata mlango. Nahamisha mstari mmoja tu: vitu vitoke kwanza, ndipo chumba kirudishwe. Kwisha!"

Lakot alirudia kusuka, akatikisa kichwa.

"Haijakwisha. Sisi tulihamishwa nyumba pale kambini. Mimi nikapeleka ufunguo ofisini, nikasaini, safi. Kumbe mzee alibaki na ingine kwa mfuko! Asubuhi anatoka lindo, amechoka, miguu inampeleka kwa mlango ya zamani. Anafungua. Anavua buti. Analala. Bibi ya Omolo, yule alipewa nyumba yetu, anatoka bombani na maji yake, anakuta sajenti kwa kitanda, anakoroma!"

Saluni nzima iliangua kicheko. Mteja mmoja aliteleza kitini.

"Sasa wewe," Lakot alisema, kitana kikimwelekea Nasike, "umeuliza nani mwingine yuko na ufunguo?"

Nasike aligeukia kompyuta. Akapanda juu ya msimbo, akashuka, akapanda tena. Mwanzoni kabisa mwandishi alikuwa ameweka kipima muda kinachoamka kila nusu sekunde kuangalia kama kadi imechomekwa, na alikuwa amekipa anwani ya kile chumba. Kisoma kadi kikichomolewa, chumba kinarudishwa. Kipima muda hakuna aliyekiambia kitu. Kingeamka kama sajenti, kivue buti.

"Banange," Nasike alinong'ona, kisha akaruka kitini.

Kosa linaloonekana kwa macho lazima lijaribiwe, na saluni haikuwa na umeme. Betri ilikuwa imebaki asilimia nne. Alitoka mbio na nusu kichwa, kompyuta kifuani, akadandia boda ya kwanza.

"Nyabo, dada yangu, nani anakufukuza?" mwendeshaji aliuliza.

"Hakuna! Mimi ndiye ninayefukuza! Kuna mtu alibaki na ufunguo!"

Mwendeshaji hakuuliza tena. Alikanyaga gia na kuambaa ukuta wa Lubiri, kasri la mfalme, hadi kwake Ndeeba kana kwamba mwizi yuko mbele yao.

Nyumbani, ambako umeme ulikuwapo, Nasike aliunda mashine ya bandia ndani ya kompyuta, akaiamuru ichomeke na kuchomoa kisoma kadi bila kupumzika. Mara ya arobaini na moja mashine ilikufa kifo cha ghafla, na yeye akapiga vigelegele hadi jirani akabisha kuuliza ni harusi ya nani. Akarekebisha lile kosa la kwanza, kisha akaongeza mstari: simamisha kipima muda, ngoja kimalize, ndipo urudishe chumba. Akajaribu mara mia. Mara elfu. Mara elfu kumi. Kimya kitamu. Alicheza peke yake kati ya kitanda na jiko.

Saa kumi alikuwa amerudi kwenye kiti cha Lakot, umeme umerudi pia, marekebisho yametumwa kwa wasimamizi wa mfumo pamoja na maelezo ya kweli: "Swali lililofichua kosa la pili liliulizwa na msusi wangu." Jibu liliingia akiwa bado anasukwa. Msimamizi wa sehemu ile ya kerneli, mtu mkavu asiyezidisha maneno manne, safari hii alijimwaga: "Yote mawili ni makosa. Nimepokea. Msusi anaitwa nani? Anayetoa wazo huandikwa jina."

Lakot alifuta mikono kwenye aproni. "Hiyo jina inakaa hapo siku ngapi?"

"Halifutwi, Mama Bonny. Watu wote wataliona."

"Basi andika Lakot Filda. Usikosee."

Ilihitajika anwani ya barua pepe, ambayo hakuwa nayo, wakaitengeneza papo hapo, nywila ikikataliwa mara tano kwa kuwa fupi, mpaka Lakot akaandika majina ya wajukuu wote kwa mpigo. Kisha akampigia mumewe kumweleza kwamba uzembe wake umeokoa mashine za watu. Sajenti alijibu kwamba habari hiyo isifike kwa mkubwa wake.

"Nisomee tena," Lakot akaomba, naye Nasike akasoma jina lile mara ya nne, kwa sauti ya mtangazaji, mpaka mteja aliyekuwa na dawa ya kulainisha nywele kichwani akapiga ukelele kwamba anaungua. Wakatoka mbio wote wawili kuchota ndoo ya maji nje, wakagongana mlangoni wakirudi, na nusu ya maji ikawaishia wao.