Karatasi ya Otoruti kwenye Fundo la Kitenge

Asikudanganye mtu kwamba kuzaa ugenini ni sawa na kuzaa nyumbani. Mtoto wa kwanza nilimzaa hapahapa Sydney, nikatoka hospitali nikapika mwenyewe, nikafua mwenyewe. Hakuna aliyenikanda. Mume wangu alijaribu: alilowesha taulo akanipitishia tumboni kama anafuta meza. Nilimfukuza.

Kwa hiyo nilipopata wa pili nilisema wazi: safari hii nakandwa na mama yangu, kwa maji ya moto, kama mzazi mwenye watu wake. Mama anakaa Lyon, Ufaransa, kwa dada yangu mkubwa. Walipelekwa huko kutoka kambi ya wakimbizi, sisi tukaletwa huku. Viza yake ilishakataliwa mara moja. Hii ya pili ilitoka, na tikiti ya ndege ilikuwa ya aina isiyobadilishwa: ukichelewa, basi, imekufa. Na ndege ilikuwa inaondokea Paris.

Treni ya kasi ipo, ila mama alikuwa na mabegi matatu na hakutaka kuyaacha hata moja. Dada akasema, "Nitampeleka kwa gari. Otoruti inakwenda moja kwa moja hadi Paris."

Otoruti ni barabara yao kuu ya kuunganisha miji mikubwa, haina taa za kusimamisha wala vijia. Unapoingia, mashine inakupa kikaratasi. Mamia ya kilomita mbele unakirudisha kwa mashine nyingine, inasoma ulikoingilia, unalipa, kizuizi kinainuka. Mtoto mdogo anaweza.

Mama yangu hawezi.

Mama ni mtu wa Kivu. Njia alizopita akikimbia vita zilikuwa na barieri: kamba imefungwa kwenye mti, na mwanamume mwenye bunduki. Karatasi uliyopewa barieri ya kwanza ndiyo inakupitisha ya pili. Unaionyesha, huiachi. Wapo walioiacha, na hatukuwaona tena. Shule yake ndiyo hiyo.

Basi saa kumi na mbili jioni, mimi niko jikoni kwetu Macquarie Fields, pembezoni mwa Sydney, na mtoto kifuani, simu ya video ikalia. Kwao ilikuwa saa nne asubuhi. Nikaona paji la uso la dada linatoka jasho.

"Ongea na mama yako!"

"Ni wako pia. Kuna nini?"

"Tuko kwenye malipo, Paris ni hapo tu. Kikaratasi amekifunga kwenye fundo la kitenge na hataki kukitoa!"

Simu ikageuzwa. Mama ameketi wima, mkono juu ya fundo, kama kuku aliyelalia mayai.

"Mama, mpe dada karatasi."

"Ampe nani? Hapa hakuna mtu. Ni ukuta wenye mdomo."

"Ni mashine, mama. Inaisoma."

"Inaimeza! Ya gari la mbele imeingia, haikurudi. Wakituuliza huko mbele tutasema nini?"

"Mbele hakuna anayeuliza!"

"Mwanangu, mbele huwa yuko."

Nyuma yao honi zilikuwa zinalia kama harusi. Nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawasha. Miezi nimejaza fomu, ndege inasubiri, halafu kikaratasi!

"Mama, ukikosa hiyo ndege, sizai tena! Umesikia? Sizai!"

"Usinipigie kelele, unanyonyesha. Hasira inachachusha maziwa."

Binti yangu mkubwa akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama nyanya amekamatwa na polisi. Mume wangu, aliyekuwa ametoka kazini kwenye ghala la Minto, ameegemea friji anacheka mpaka machozi. Nilimrushia nepi. Ilikuwa safi, kwa bahati yake.

Dada akabonyeza kitufe cha msaada. Sauti ya mwanamume ikatoka ukutani.

"Mnaona?" mama akasema. "Yuko ndani!"

Akafungua fundo, akakiinua kikaratasi kwa mikono miwili kuelekea ule ukuta, akasalimia kwa adabu zote: "Bonjour, papa." Kisha akakirudisha, akakaza fundo.

Dada, kwa meno yaliyofungwa, akamwambia yule bwana karatasi imepotea. Akatozwa kama mtu aliyetoka mwisho kabisa wa barabara. Akalipa. Kizuizi kikainuka.

"Si niliwaambia?" mama akasema. "Ukionyesha, wanakupitisha."

Walifika uwanjani kaunta ya mizigo ikikaribia kufungwa. Dada alinitumia ujumbe wa neno moja, nami siliandiki hapa.

Kesho yake mama alitoka mlangoni, uwanja wa ndege wa Sydney, mabegi matatu, kitenge kilekile. Nililia vibaya, nikasahau hasira yote. Tukaingia M5, barabara kuu ya kulipia, kurudi nyumbani. Kile kidude cha kulipia kilichobandikwa kwenye kioo kikalia ti! tukaendelea tu.

"Kilicholia ni nini?"

"Tumelipa barabara, mama."

"Barieri iko wapi?"

"Haipo."

"Na karatasi?"

"Hawatoi."

Akageuka, akatazama nyuma. Kisha akafungua fundo, akanishikisha kile kikaratasi cha Ufaransa, kimelainika kama kitambaa. "Weka hii. Wakitufuata, onyesha."

Nimekiweka kwenye gari, pale pale chini ya kidude.

Asubuhi akabandika sufuria kubwa. Maji yalipogusa mgongo wangu nilipiga kelele nyumba nzima ikasikia.

"Tulia wewe," mama akasema, akikamua taulo lingine. "Mimi nimepita barieri ya Wazungu, sikulia hivyo."