Majoho Kumi na Mawili Yaliyorudi

Kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke mmoja wa mtaani kwetu alishona majoho ya mahafali ya chuo kikuu ambacho hakuwahi kukiona. Vipimo vilimfikia kwa karatasi: urefu, mabega, mkono. Alikata kitambaa cheusi, akashona, akapiga utepe wa zambarau kifuani, akafunga boksi na kulituma safari ya siku mbili. Watu walimwita Mama Majoho. Chuo chenyewe walikiita Mnara, kwa sababu ya mnara uliochapishwa kwenye bahasha zake.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, chenye dirisha moja. Cherehani ya kukanyaga ilikaa chini ya dirisha hilo, na mkasi mkubwa ulining'inia kwenye msumari; ole wako uuguse kukatia karatasi. Ukimletea gauni ukamwambia, "Shona vyovyote tu," alikurudishia papo hapo. "Huyo Fundi Vyovyote anakaa mtaa wa pili," alisema. "Hapa panashonwa."

Mumewe alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, mwembamba na mwepesi wa jibu, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano. Tangu ana miaka sita, kazi yake nyumbani ilikuwa kumtungia mama uzi.

Mama Majoho alikuwa na jambo alilolificha. Miaka miwili kabla ya haya ninayoyaeleza, alianza kupoteza uwezo wa kuona pembeni. Kikombe kilichokuwa mkono wa kushoto kilikuwa hakipo mpaka akipige kiwiko. Muuguzi wa macho alimwambia ni presha ya macho, akampa dawa ya matone, akamweleza bila kuzunguka kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Mama aliitumbukiza ile chupa ndani ya kopo la vifungo, akaifunika. Kila asubuhi alijitia matone akiwa peke yake, kisha akakaa kwenye cherehani kana kwamba hakuna lililotokea.

Alijipa moyo kwa hoja moja: mishono yake bado ilinyooka. Boksi lilipokuwa tayari kufungwa, alipitisha kidole begani mwa kila joho, na kidole hakikukwama popote. Mwaka uliopita Mnara walimwandikia barua ya kumshukuru kwa kazi safi. Aliibandika ukutani, juu ya cherehani.

Mishono ilinyooka kwa sababu Sindano aliifumua. Kila alasiri, mama alipotoka kwenda dukani kununua uzi na kusalimia majirani, binti aliingia chumba cha mbele, akafumua mabega yaliyopinda, akayashona upya, akaokota nyuzi zote sakafuni na kuzitia mfukoni. Hakusema neno. Mtoto atamwambiaje mzazi wake kwamba haoni? Aliona kunyamaza ndiko heshima. Mimi nasema heshima ya namna hiyo ni uongo uliovaa nguo safi, na uongo hauachi kuwa uongo kwa sababu umefuliwa.

Sindano alifaulu vizuri mno. Aliomba kusoma sayansi ya maji katika vyuo viwili. Cha kwanza kilikuwa Mnara, kwa amri ya mama. Cha pili kilikuwa Bondeni, chuo kilichojengwa nyuma ya mitambo ya maji ya mji, nusu saa kwa miguu kutoka mlangoni kwao. Vyote viwili vilichuja vikali: Mnara walichukua arobaini kati ya maelfu, Bondeni thelathini. Tofauti ni kwamba Mnara ulikuwa na jina tangu enzi za babu zetu, na Bondeni kilikuwa na umri sawa na wanafunzi wake.

Mnara walimwita kwenye usaili. Alikwenda, akakaa siku sita pamoja na safari. Katika siku hizo sita mama alishona majoho kumi na mawili, akayapitishia kidole kwa haraka kwa kuwa gari la mizigo lilikuwa linasubiri, akayatuma. Sindano aliporudi alikuta meza tupu. Aliuliza, "Boksi limeshakwenda?" Mama akajibu, "Tangu juzi. Kwani mimi hushona nikikusubiri wewe?" Binti akaenda kukaa uani, na jioni hiyo hakula.

Baada ya wiki tatu barua mbili zilifika, zote za kumkubali. Kila barua ilikuwa na namba ya siri. Mwombaji alitakiwa kutuma namba ya chuo anachokitaka kwa simu aliyoandikisha, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Ukishathibitisha kimoja, kingine kinakufuta. Sindano hakuwa na simu; aliyoiandikisha ilikuwa ya mama.

Jumatano walikaa chumba cha mbele kujadili, wao wawili na mjomba, mdogo wake mama, tarishi mstaafu aliyejua kila kitu kilichowahi kuandikwa juu ya jalada la faili.

"Dada, mimi nimebeba mafaili miaka thelathini," mjomba alisema. "Faili la mtu wa Mnara halilali mezani. La mtu wa Bondeni linaota ukungu."

"Mjomba, Bondeni hawajatoa wahitimu hata mara kumi na tano. Umebeba mafaili yao mangapi?"

"Hata moja! Ndiyo nakwambia, hayajafika popote."

Hata mama alicheka. Kisha akakunja uso. "Haya, sema. Huko Bondeni unafuata nini?"

"Maabara yao imeungana na mitambo, mama. Mwaka wa kwanza tu unapima maji ambayo watu watayanywa kesho. Kule Mnara nilipokwenda usaili, nimeona hadubini moja inasubiriwa na watu wanane."

"Zamu yako itafika. Jina halipangi foleni."

"Mchagua jembe si mkulima," mjomba akadakia.

"Sasa mjomba, si nyinyi ndio mnaochagua jembe? Mimi nataka kulima tu, na shamba liko hapo nyuma."

"Huyu mtoto huyu! Angekuwa wakili."

"Na fimbo ya mbali haiui nyoka," Sindano akaongeza, safari hii kwa sauti ya chini.

Mama akainua uso. "Nyoka gani?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Sindano aliangalia kopo la vifungo. Alijua siku nyingi kilichokuwamo. Aliangalia barua ya shukrani ukutani, akamwangalia mama yake, ambaye alikuwa amegeuza kichwa chote ili aweze kumwona.

"Ni msemo tu, mama."

Usiku ule mama aliwaza hivi: mtoto ananionea huruma kwa sababu nitabaki peke yangu, anataka kuutupa Mnara kwa ajili ya mjane mwenye afya na kazi yake. Kwenye droo ya chini ya meza ya kukatia lilikuwamo joho alilolikata kwa vipimo vya binti tangu ana miaka kumi na mitano, lenye utepe wa zambarau. Hakuwahi kumwonyesha mtu. Alikuwa amewavika watoto wa watu miaka ishirini na miwili. Simlaumu kwa kutamani. Namlaumu kwa alichokifanya Alhamisi.

Alhamisi asubuhi Sindano alitoka kwenda Bondeni kuuliza ratiba ya masomo, ajue saa atakazokuwa nyumbani. Mama akamwita mjomba, akampa simu na barua ya Mnara.

"Nisomee hiyo namba, na uiandike wewe. Maandishi yao siku hizi madogo kama mayai ya chawa."

"Na mwenyewe kakubali?"

"Atakubali."

"Dada, atakubali au kakubali?"

"Wewe umebeba mafaili miaka thelathini ukiwauliza wenyewe?"

Mjomba akaandika, akatuma. Jibu lilirudi kabla hajaweka simu mezani: nafasi imethibitishwa. Mama alikaa akipapasa ukingo wa meza. Alitegemea furaha, na furaha ilikawia.

Sindano alipoambiwa hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu, "Umetuma?" kisha akaingia chumba cha mbele na kusimama mbele ya cherehani muda mrefu, kama mtu aliyeachiwa mgonjwa na hajui dawa yake.

Ijumaa saa nne asubuhi boksi lilirudi.

Dereva wa gari la mizigo aliliweka mlangoni, barua imebandikwa juu, na mnara wake kwenye bahasha. "Sindano, nisomee," mama akasema. "Labda wameongeza idadi."

Binti alisoma yote kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Majoho kumi na mawili yanarudishwa. Mishono ya mabega imepinda, na mawili yameshonwa mkono ukiwa umegeuzwa. Ofisi ya mahafali inasikitika, na itatafuta fundi mwingine.

"Wamekosea boksi," mama akasema. Alilipasua mwenyewe, akatoa joho, akapitisha kidole begani. Kidole kilikwama. Akachukua la pili, la tatu. Akayavuta yote mpaka boksi likawa tupu. "Hii si kazi yangu."

"Ni yako, mama."

"Mkono wangu naujua!"

"Unaujua wangu." Sindano alipiga magoti kati ya yale majoho. "Nimekuwa nikifumua tangu mwaka juzi. Kila ukienda dukani. Wiki ile ya usaili sikuwepo."

Mama aliinua macho kwenye ukuta, mahali ilipokuwa barua ya shukrani. "Na ile?"

Binti aliitikia kwa kichwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia? Chupa iko kwenye vifungo, mama. Mimi ndiye ninayetafuta vifungo humu ndani."

Halafu mama akasimama ghafla, akajigonga kwenye kona ya meza. "Saa ngapi? Mwisho ni saa kumi. Chukua barua ya Bondeni. Twende!"

Walikwenda karibu mbio. Kwa mara ya kwanza barabarani, mbele za watu, Sindano alimshika mama yake kiwiko, na mama hakumkatalia. Hata hivyo, kwenye mlango wa ofisi ya udahili ya Bondeni mama alipiga bega kwenye ubao wa mlango, upande ambao kwake ulikuwa haupo tena.

Karani wa udahili alikuwa kijana mstaarabu. Aliandika namba, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Mama, mmethibitisha Mnara jana asubuhi."

"Nimekosea mimi, sio yeye. Mimi ndiye niliyetuma. Futa, mwanangu. Niadhibu mimi."

"Siwezi kufuta. Na nafasi yake nimeshampa aliyefuata kwenye orodha. Nimempigia mwenyewe asubuhi hii." Akasita. "Amelia kwenye simu kwa furaha."

"Basi asiende kokote mwaka huu," mama akasema. "Aombe tena mwakani."

"Aliyethibitisha asipofika haombi tena chuo chochote kwa miaka mitatu. Imeandikwa kwenye barua, mama. Hapo chini."

Hapo chini maandishi yalikuwa madogo. Mama aliishika ile barua karibu kabisa na pua, akaigeuza kushoto na kulia, akairudisha mezani.

"Nitakaa hiyo miaka mitatu," Sindano alisema walipotoka nje.

"Hukai."

"Utakula nini? Utatungiwa uzi na nani? Mjomba?"

"Mjomba akitunga uzi, tutauona siku ya kiyama." Alijaribu kucheka, sauti ikakatika. Akakaa kwenye ngazi za chuo ambacho bintiye alikitaka, akajifunika uso kwa kanga yake, akalia bila kujali nani anapita. "Nimekuibia, mwanangu. Nilidhani nakupa, kumbe nimekuibia."

Sindano angeweza kumwambia hapana. Mwaka juzi angemwambia. Safari hii alisema, "Ndiyo, mama. Na mimi nilikuibia."

Nimewasikia wengi wakiwauliza vijana chuo gani kina jina, na kiko umbali gani. Maswali ni mazuri. Lakini nyumba ile haikuwa na uwezo wa kuyajibu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameficha nusu ya hesabu. Mama alichagua kama mwenye macho, na macho hakuwa nayo. Binti alibishania hadubini wakati alichokitetea ni tundu la sindano.

Safari ya Mnara ilikuwa baada ya siku kumi na moja. Jumamosi Sindano aliomba kipande cha bati kwa fundi wa jirani, akakikunja, akakifunga kwa skrubu pembeni mwa kile kiguu cha cherehani kinachokandamiza kitambaa, ili kitambaa kipite kikikisugua na mama aujue mstari kwa kidole. Hakikuwa na uhakika wowote. Na Mnara walishasema wanatafuta fundi mwingine. Wateja waliobaki ni wa kupunguza suruali na kuziba mifuko, kama wapo watakaomwamini.

"Tujaribie kitambaa gani?" Sindano aliuliza. "Kumi na mawili yale kitambaa chake ni cha Mnara, lazima kirudi."

Mama alipapasa droo ya chini. Akatoa joho lililokunjwa vizuri, akaliweka mezani, utepe wa zambarau juu. Sindano alilifungua, akalipima kwa macho mabega yake, akaelewa ni la nani.

"Kata mshono wa bega," mama akasema. "Utoe kitambaa."

"Mama, hili..."

"Kata. La kwako utavalishwa na Mnara wenyewe, ukifika."

Wakashona kipande cha kwanza. Mama alikanyaga polepole, kidole cha shahada kikiwa juu ya bati, kichwa kimegeukia dirishani kwa sababu hakikuwa na la kuangalia. Nusu ya njia mstari ulikwenda sawa. Kisha kitambaa kiliteleza, na mshono ukaondoka zake.

"Vipi?" mama akauliza.

Sindano alikuwa karibu kusema uko sawa. Mazoea ya miaka miwili hayafi kwa siku moja.

"Umepinda," alisema. "Kuanzia hapa."

Akaushika mkono wa mama, akaupeleka mahali penyewe. Mama akapapasa mpaka akaupata.

"Fumua," akasema. "Fumua mimi nikiwepo."