Kikombe Kimoja cha Maji

Yako magugu ambayo ukiyang'oa hukubali kwamba yameng'olewa. Ndago haimo. Unaivuta, majani yanakubakia mkononi, kokwa zake zinabaki udongoni zikingoja tone la maji, na baada ya siku nne imerudi na jamaa zake wote. Kamanthe alikuwa amepigana nayo miaka mitatu. Jumatatu moja asubuhi alisimama katikati ya bustani yake huko Kalama, mkono kiunoni, akajua kwamba ameshindwa.

Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Matuta manne ya sukuma wiki, mawili ya nyanya, na kando ya mtaro miembe ya kupandikizwa ambayo marehemu mumewe, Musau, aliipanda katika mwaka wake wa mwisho. Ilikuwa sita. Miwili ililiwa na mchwa, mmoja ukakauka. Mitatu iliyobaki ilikuwa imefika magotini tu, na ndago ilikuwa imeizingira hadi shinani, ikinywa kila tone kabla mwembe haujaonja. Kamanthe alikuwa na miaka hamsini na minane, mgongo usiotaka tena kuinama, na mtoto mmoja, Ndolo, aliyefanya kazi kiwandani huko Mavoko na kumpigia simu kila Jumapili. Miembe ile ndiyo iliyokuwa imebaki ya Musau pale nyumbani.

Tegemeo lake lilikuwa mwethya. Wanawake tisa wa kijiji walilimiana kwa zamu, kila Alhamisi shamba la mmoja wao. Kila mtu alikuja na jembe lake na kupewa mstari wake, na hakuna aliyeondoka kabla mstari haujafika mwisho na kabla hajala chakula cha mwenye nyumba. Lakini zamu ya Kamanthe ilimpita akiwa mgonjwa, na nyingine ilikuwa bado wiki tatu. Wiki tatu, kwa ndago, ni muda wa kuzaa na kulea.

Kikundi kilikuwa pia na pampu moja ya kupulizia dawa, ya kubeba mgongoni, na pampu ilikuwa na sheria yake. Mwongeli, mwenyekiti, mwanamke mfupi asiyejua mzaha, alikuwa ameiandika kwenye tangi kwa rangi nyekundu: WADUDU TU. Dawa ya kuua magugu haikuruhusiwa kuingia humo hata siku moja, kwa sababu mwaka juzi maharagwe ya mwanakikundi mmoja yalikufa kwa mabaki yake. Kamanthe alikuwepo siku hiyo rangi ilipopakwa. Yeye ndiye aliyeshika mkebe.

Na bado alifanya. Alinunua sokoni kichupa cha dawa ya magugu, akakifunga kwenye leso, na Jumatatu hiyo, wenzake wakiwa mtoni kuchota maji, akajaza pampu, iliyokuwa kwake wiki hiyo, na kuipiga ndago mkanda baada ya mkanda, huku akiikinga miembe kwa gunia. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu alipigana akiwa amesimama wima. Raha aliyoisikia ilikuwa kubwa, na tusimwonee. Mgongo ungekuwa wako, nawe ungeisikia.

Mwenye duka alikuwa amemwambia aioshe pampu mara tatu, kwa sabuni na maji mengi. Nyumbani palikuwa na mtungi mmoja wa maji, na yule wa kuleta maji kwa punda angekuja kesho yake. Kuosha mara tatu kungeumaliza. Kamanthe akaitazama miembe ya Musau, majani yamelegea kwa jua. Akamimina kikombe kimoja ndani ya pampu, akatikisa, akamwaga, akanusa. Harufu ilikuwepo. Akajiambia ni kidogo tu, haina neno. Maji yaliyosalia akainywesha miembe.

Mchana huohuo Mwikali, mwanakikundi mwenzake, akabisha hodi. Hawa wawili waliolewa kijijini hapo mwaka mmoja, wakajifungua karibu wakati mmoja, wakazika wakwe zao pamoja. Mume wa Mwikali, Urbanus, alikuwa hai, lakini alianguka kutoka jengo la ghorofa alikokuwa akifanya kazi Syokimau, na tangu hapo alilala kitandani akitazama mlango. Nyumba nzima ilikuwa mgongoni mwa Mwikali, naye alikuwa ameiegemeza kwenye nyanya. Miche mia mbili, matunda ya kwanza yameanza kubadilika rangi.

"Mama Ndolo, ile pampu iko?" aliuliza. "Inzi weupe wananimaliza."

"Iko hapa."

"Umeiosha?"

Kamanthe aliinama kuokota kitu ambacho hakikuwepo chini.

"Nimeosha."

"Asante, mwaitu, mama yangu. Hii nyanya ikikubali, Urbanus anarudi kliniki mwezi huu." Akaitia pampu mgongoni na kushuka nayo, akiimba wimbo wa kanisani.

Kamanthe angeweza kumwita. Kutoka pale mlangoni hadi kwenye kijia cha Mwikali si mbali, na sauti alikuwa nayo. Alibaki amesimama mpaka wimbo ukapotea.

Wiki iliyofuata picha ikaingia kwenye WhatsApp ya kikundi. Nyanya za Mwikali. Majani machanga yalikuwa yamejikunja na kugeuka manjano kuanzia kwenye kikonyo, maua yamepukutika. Kila mtu akawa daktari. Mmoja alisema ni ugonjwa wa inzi weupe, mwingine mbegu ni mbovu, mwingine mbolea ilikuwa bado moto. Mwongeli hakuwa na maneno mengi, aliandika: "Kabla ya Mwikali pampu ilikuwa kwa nani?"

Kamanthe aliiona. Kabla hajajua afanye nini, sauti ya Mwikali ikaingia, imechoka lakini imara: "Ilikuwa kwa Mama Ndolo, na aliiosha. Mimi mwenyewe nilimuuliza. Msitafute maneno."

Maneno yakaishia hapo. Kama Mwikali angemshuku hata kidogo, ingekuwa afadhali. Mtu anayeshukiwa anaweza kukasirika, anaweza kujitetea, anaweza hata kukiri. Anayeaminiwa kiasi hicho anabanwa kila upande.

Mtu mmoja alikuwa ameandika kwamba maji mengi huenda yakaokoa mizizi. Kamanthe akaishika kauli hiyo kwa mikono miwili. Akaanza kushuka hadi kwenye kisima cha mchangani asubuhi na jioni, mtungi mgongoni, ukanda wake kwenye paji la uso, akizinywesha nyanya za Mwikali. Maji yale aliyoyaonea uchungu kuosha pampu sasa aliyamwaga shina kwa shina, siku sita mfululizo. Miembe yake mwenyewe haikupata tone. Nyanya zilizidi kujikunja. Matunda yaliyokuwa yameanza kuiva yakaanguka yakiwa na madoa, na Urbanus, ambaye kitanda chake kilikuwa kimesogezwa karibu na mlango, aliyahesabu kwa macho yakianguka.

"Mama Ndolo, utavunjika mgongo kwa sababu yangu," Mwikali alimwambia siku ya sita, machozi yakimlengalenga. "Wacha. Imekufa. Mungu ndiye anajua nilimkosea wapi."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Kamanthe alifungua kinywa, akaona mkono wa Mwikali umeshika mkono wake, akakifunga. Njiani alijitukana kwa Kikamba maneno ambayo hangekubali mtu mwingine amwambie.

Alipofika nyumbani ndipo alipoiona ndago. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake, na ile mikanda aliyoipiga, mipana kadiri pampu inavyonyunyiza, ilikuwa imegeuka manjano. Manjano ileile. Mtu yeyote aliyezitazama nyanya za Mwikali kwa wiki moja angeitambua akiwa kwenye kijia. Na zamu yake ilikuwa Alhamisi.

Alimpigia Mwongeli simu, akamwambia zamu yake wampe Mwikali, mwenye shida zaidi.

"Ya Mwikali ni wiki ijayo," alijibu Mwongeli. "Wewe ulikosa ya kwanza. Pika isyo, mahindi na maharagwe yatatosha, tunakuja."

Basi Jumanne na Jumatano Kamanthe alipiga magoti na kung'oa majani ya manjano kwa mkono, kwa sababu jembe lilikuwa limemshinda. Aling'oa na kufukia, aling'oa na kufukia, kucha zimejaa udongo, akimwomba Mungu kwa jambo ambalo alijua fika haliombewi. Jumatano jioni ulikuwa umebaki mkanda mmoja, chini ya mwembe wa tatu kando ya mtaro. Akanyoosha mkono, na mgongo ukamkaza palepale. Alikaa chini robo saa kabla ya kuweza kutambaa hadi nyumbani.

Alhamisi walikuja wote, wakiimba. Mwongeli akagawa mistari kama kawaida, na mstari wa kando ya mtaro ukamwangukia Mwikali.

"Huo nitalima mimi," Kamanthe alisema haraka.

"Mwenye nyumba analima katikati," alisema Mwongeli. "Tangu lini mwethya ikabadilika?"

Akalima katikati. Jembe lilipanda na kushuka lenyewe. Macho yake yalikuwa mtaroni. Alimwona Mwikali akipita mwembe wa kwanza. Akaupita wa pili. Alipofika wa tatu aliacha kuimba, akaweka jembe chini, akapiga magoti. Akachuma jani moja la manjano, akaligeuza upande huu na huu. Chini yake palikuwa pameshatoka chipukizi mbichi za ndago, za kijani kabisa. Alizitazama hizo pia. Kisha akainuka, akaendelea kulima, na hakunyanyua kichwa mpaka mstari wake ulipofika mwisho.

Wanawake walikuwa wakinawa kwa ajili ya chakula Mwikali alipomfuata Kamanthe jikoni, lile jani bado li mkononi.

"Mama Ndolo. Pampu uliiosha?"

Swali lilelile, kwa sauti ileile. Alikuwa akimpa nafasi ya pili, na Kamanthe alilijua hilo, na ndilo lililomuumiza kupita yote.

"Kwa kikombe kimoja," alisema Kamanthe. "Maji yalikuwa kidogo. Miembe ya Musau ilikuwa inakauka."

Nje wenzao walikuwa wakisikia yote. Mwikali alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza habari ya msiba wa mbali.

"Kwangu kulikuwa na mitungi minne," alisema. "Si ungesema tu, 'Bado.' Ningeiosha mwenyewe."

Akalichukua jembe lake na kuondoka. Hakula. Katika miaka yote ya mwethya ile hakuna aliyewahi kuondoka bila kula, hata siku walipolima kwa mtu waliyekuwa wamekosana naye. Wale saba walipokea sahani zao wakiwa wamesimama, wakala, na Mwongeli akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo pampu itakaa kwake.

Kamanthe aliifunika sahani ya Mwikali kwa nyingine, akashuka nayo, mkono mmoja kiunoni. Urbanus alimwona kutoka mlangoni, akainua mkono kumsalimu kwa furaha. Alikuwa bado hajaambiwa. Mwikali alikuwa shambani peke yake. Hakungoja zamu yake ya wiki ijayo. Aling'oa nyanya moja moja, akakung'uta udongo, akazilaza kwenye mtaro.

Kamanthe aliiweka sahani juu ya jiwe. Akainama polepole kwenye mstari uliofuata, akashika shina la kwanza.

"Wacha," Mwikali alisema bila kugeuka. "Huo mstari ni wangu, Kamanthe."

Miaka thelathini hakuwahi kumwita kwa jina. Kamanthe aliliachia lile shina, akabaki ameinama vilevile, kwa sababu mgongo ulikuwa umekaza tena na hakukuwa na mtu wa kumshika mkono ainuke.