Watu wa Mawe Wanasogea

Siku ile nilikuwa namkata Miss Dora kucha. Ilikuwa alasiri, mtaa wa Al-Naseem umelala kwa joto, na kiyoyozi cha chumba chake kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo. Jikoni, Nyambura, mpishi, alikuwa anatwanga iliki huku akiimba kwa sauti ya chini ili madam asimsikie.

Miss Dora alikuwa Mwingereza, mzee kuliko mtu yeyote niliyewahi kumgusa. Alikuja Riyadh akiwa kijana kuwafundisha mume wa madam, ambaye sisi tulimwita Baba, na dada zake, wakati huo wakiwa watoto. Wanafunzi wakakua, yeye akabaki. Kwao hakukuwa tena na mtu wa kumrudia. Nilipofika kutoka Taita, madam alinipeleka mpaka kitandani kwake akasema, "Huyu ndiye kazi yako." Mimi si mtu wa maneno mengi, na Kiingereza changu ni cha darasa la nane, kwa hiyo tulielewana. Yeye alisema, mimi nikasikiliza.

Alipenda kunieleza kuhusu nyumba yao. Ilikuwa ya mawe, yenye madirisha mengi kuliko watu wa kuyasafisha. Ukoo wake, akina Marrowby, walikuwa wameishi humo kizazi baada ya kizazi, na mashamba yote yaliyoonekana kutoka kwenye paa yalikuwa yao. Ng'ambo ya bustani palikuwa na kanisa la kijiji. Akina Marrowby ndio waliolijenga, na ndani yake walikuwa na sehemu yao ya kukaa, imezungushiwa mbao na kutiwa mlango, ili watu wa kawaida wasiwaone.

"Baba yangu alikuwa anasinzia humo," alisema. "Mchungaji alijua. Akifika kwenye dhambi za matajiri, alipunguza sauti asimwamshe."

Majina ya wafu wao yaliandikwa ukutani. Karibu na madhabahu, mume na mke waliochongwa kwa jiwe walilala chali juu ya kaburi lao, viganja vimekutana kifuani. Chini ya sakafu kulikuwa na chumba cha majeneza. Waliingia humo Marrowby peke yao.

"Sisi kwetu mtu anazikwa shambani," nilimwambia.

"Basi nyinyi mnapata hewa," akasema, na akacheka mpaka nikaogopa nitamkata kidole.

Ndipo ulipokuja ule mlio.

Haukuwa kama radi. Ulikuwa mmoja, mkavu, na kioo cha dirisha kiliendelea kutetemeka baada ya mlio kwisha. Magari yote ya mtaani yakaanza kupiga kelele, kisha yakanyamaza moja moja. Mpaka siku hiyo vita vya Yemeni vilikuwa kitu cha kwenye televisheni, mbali, upande wa kusini; sasa makombora yake yalikuwa yamefika kwetu.

Miss Dora alikuwa ameketi wima. Kwa kawaida hakuweza kuketi bila kushikwa.

"Ellen," aliniambia, "funga pazia. Wataona taa zetu."

Nje jua lilikuwa linawaka. Nilifunga.

Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu. Niliitwa Ellen nikimwogesha, Ellen nikimlisha. Nyambura aliona ni kichekesho. "Ellen, kuja ule! Ama siku hizi unakula na malkia?" Lakini yeye hakuwa anakaa mle chumbani. Hakumwona Miss Dora akitazama nyuma ya bega langu na kumwitikia mtu kwa kichwa.

Asubuhi moja nilimuuliza Ellen ni nani. Alinijibu vizuri, kama mtu mwenye akili zake zote. Alikuwa msichana wa kazi nyumbani kwao. Miss Dora alipokuwa mtoto, kulikuwa na vita vikubwa, na ndege za kutupa mabomu zilipita juu yao. Zikisikika, familia ilivuka bustani, ikaingia kanisani na kushuka kwenye chumba cha majeneza, kwa sababu hapakuwa na mahali penye kuta nene zaidi. Ufunguo aliushika baba yake. Watumishi walibaki jikoni, chini ya meza. Siku moja bomu lilianguka upande wa jiko.

"Ellen alinifikisha mpaka juu ya ngazi ya kule chini," alisema. "Halafu akageuka. Hakuna aliyemwambia ageuke. Alijua tu."

Kisha akaushika mkono wangu. "Unawasikia? Watu wa mawe. Milio ikianza, wanasogea. Wanatupisha."

Sikuwa nimesikia kitu. Lakini mara iliyofuata, tulipokuwa gizani na pazia limefungwa, mlio ukapasuka upande wa uwanja wa ndege, nami nikasikia chini ya sakafu kitu kizito kikikokotwa. Kikakoma. Kikakokotwa tena. Baadaye Nyambura aliniambia ni madam, alikuwa anasukuma magunia ya mchele kwenye stoo ya chini ili watoto wapate pa kujificha.

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba kuna pa kujificha.

Baba hakuwepo. Alifanya kazi Bandari ya Jeddah na alikuja nyumbani mara chache. Alimpigia madam simu akasema milio ikianza, Miss Dora ashushwe stoo kabla ya mtu mwingine. Kuhusu sisi hakusema kitu.

Jioni ya mwisho tulikuwa tumemaliza kuosha vyombo. Madam alipiga kelele, "Yalla! Chini, yalla!" Mimi na Nyambura tulimbeba Miss Dora kwenye kiti, ngazi kwa ngazi. Mlio wa kwanza ulitukuta katikati. Taa ikazimika, ikarudi.

Mlangoni mwa stoo madam alikuwa amesimama, mtoto wake mdogo begani. Alitoa mkono kumpokea Miss Dora.

"Nyinyi juu," alituambia.

"Madam, huko juu ndiko kubaya," Nyambura alisema.

"Mafi nafasi. Hakuna. Chini familia. Halas."

Sikubishana. Nilikuwa nimeshaanza kugeuka.

Vidole vya Miss Dora vilinikamata kifundo cha mkono. Sikujua kama bado ana nguvu hizo.

"Huyu anaingia kwanza," alisema.

"Miss, tafadhali. Watoto wanaogopa."

"Huyu kwanza. Mimi nyuma yake."

Madam alimtazama, akanitazama mimi. Hakuwa mwanamke mbaya. Alimkaza mtoto begani, akarudi ndani.

Mlango ukafungwa.

Nyambura alikimbilia chini ya meza ya jikoni. Mimi nilibaki ngazini na Miss Dora, kiti chake kimeegemea ukuta.

Mlio mwingine. Chokaa ilituangukia usoni.

Alianza kutaja majina. Marrowby fulani, na mkewe fulani, na mtoto wao aliyekufa kwa homa, kwa mpangilio, kama anayasoma ukutani. Ndani ya stoo watoto walikuwa wanalia. Kitu kikakokotwa.

"Wanasogea," alisema.

"Ndiyo, Miss."

"Najua wewe si Ellen. Ellen alikufa. Wewe unaitwaje?"

"Wakesho."

"Wakesho," akarudia, polepole, akalifikisha mpaka mwisho.

Milio ilikoma. Mkono wake ulikuwa bado umenishika, nami nilikaa muda mrefu nikingoja aniachie.

Riyadh haikuwa na mahali pa kumzika Mkristo. Alipelekwa Jeddah, kwenye makaburi ya wasio Waislamu yenye ukuta na miti michache ndani. Baba aliagiza niletwe, kwa kuwa mimi ndiye niliyezoea kumvalisha. Mtu wa ubalozi alisoma sala fupi huku akijifuta jasho. Kisha Baba akaniambia, "Wewe Mkristo. Sema kitu." Nilisema Baba Yetu kwa Kitaita. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini nilimaliza.

Tulipokuwa tunatoka aliniuliza, "Madam anasema amekufa katikati ya watoto. Hakuogopa?"

Nilitazama viatu vyake.

"Alikufa ngazini, Baba. Pamoja na mimi. Hakuogopa."

Alisimama langoni, akashika chuma cha lango ingawa kilikuwa cha moto.

Kwenye televisheni walisema makombora yote ya jioni ile yalitunguliwa na hakuna aliyekufa.

Milio ilipoanza tena, nilikuwa tayari nimerudi Riyadh. Madam aliushikilia mlango wa stoo ukiwa wazi. Alitazama pembeni tulipompita, mimi na Nyambura. Tulikaa juu ya magunia, magoti yetu yakigusa ya watoto. Mlango ukafungwa nyuma yetu. Taa ya simu ilipowashwa niliangalia huku na huku. Tulikuwa tumeingia sote, na karibu na ukuta bado kulikuwa na nafasi ya kuweka kiti.